Heshima na Hesabu

Heshima na hesabu ni maneno mawili yanayokaribiana sana sikioni. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, walakini hayana shina moja, na katika matumizi ya kila siku kila moja lina kazi yake. Hesabu ni kazi ya jicho na mkono: hutaka vitu vinavyoonekana na mtu wa kuvitia daftarini. Heshima ni kazi ya moyo: hutaka mtu mbele ya mtu. Hata hivyo wanadamu hawakomi kuyachanganya mambo haya mawili. Aliyetiwa katika orodha hudhani ameheshimiwa, na aliyeachwa nje ya orodha hudhani amevunjiwa heshima. Swali la kuuliza, basi, ni hili: je, kundi la watu laweza kuwa na heshima kamili pasipo kuhesabiwa? Na kama laweza, je, lina haki ya kudai kuhesabiwa, au kudai huko ni tamaa ya sifa tu?

Swali hili si la vitabuni peke yake. Katika kisiwa cha Unguja limekuwa swali la uwanja wa mpira, na katika mwaka 2017 vijana waliovaa jezi ya Zanzibar walilijibu kwa miguu yao, kwa kadiri miguu iwezavyo kujibu. Msimu wao ule mmoja wafaa kuchunguzwa, maana ndani yake mna kila upande wa shauri hili.

Kabla ya kufika uwanjani ni vyema kusimama kidogo Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza wa kulifunga. Katika soko lile hapakukosekana hesabu. Watu walihesabiwa kichwa kwa kichwa, wakakaguliwa meno na viungo, wakapangiwa bei. Yamkini hapana watu waliopata kuhesabiwa kwa uangalifu mkubwa zaidi katika pwani hii, na hapana waliovunjiwa heshima zaidi. Mahali pale leo pamesimama kanisa kuu, na mgeni anayeingia huonyeshwa habari za soko kabla ya kuonyeshwa madhabahu. Somo la mahali hapo halina fumbo: hesabu peke yake haimpi mtu heshima. Yaweza hata kumwondolea ile aliyokuwa nayo.

Baadhi ya wavulana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa walipelekwa Kiungani, kusini ya mji, katika chuo cha Mtakatifu Andrea kilichoendeshwa na wamisionari wa Kiingereza. Chuo hicho ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipochezwa mpira wa miguu katika Afrika ya Mashariki, katika karne ya 19. Mchezo nao una hesabu yake, lakini hesabu hiyo ni ya namna nyingine. Aliyehesabiwa sokoni alihesabiwa ili atengwe na wenzake. Anayehesabiwa mchezoni huhesabiwa ili apate wenzake. Kumi na mmoja si bei ya mtu yeyote. Ni nafasi kumi na moja, na kila nafasi humngoja mtu wa kuijaza. Kwa hiyo ziko hesabu mbili duniani: moja ni hesabu ya mali, ya pili ni hesabu ya wenzi. Anayeomba kuingizwa katika ya kwanza amepotewa na akili. Anayeomba kuingizwa katika ya pili anaomba jambo ambalo kila mtoto huliomba tangu siku ya kwanza anapotoka nje ya mlango wa mama yake.

Mchezo ulipoenea ulitoka vyuoni ukaingia mitaani. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyolala baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, vilikutanisha watu wa nyumba za mawe na watu wa nyumba za udongo. Katika mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar ikaingia mwaka 1949. Tangu hapo jina la Zanzibar limo katika mashindano ya majirani. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, tarehe 26 Aprili 1964, michezo haikutiwa katika mambo ya Muungano. Zanzibar ikaendelea kuwa na chama chake cha mpira, ligi yake na timu yake. Katika mwaka 1995, huko Uganda, timu hiyo ilitwaa Kombe la CECAFA, lililo mrithi wa lile la Gossage.

Majirani, basi, waliihesabu Zanzibar, dunia haikuihesabu. FIFA, shirikisho linalotawala mpira wa dunia nzima, lina kiti kimoja kwa Tanzania, na kiti hicho hukaliwa na chama cha Bara. Timu ya Zanzibar haiwezi kucheza kuwania Kombe la Dunia, wala Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa jina lake. Katika mwaka 2006 ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kushiriki mashindano yaliyoandaliwa kwa ajili ya timu zisizokuwa katika orodha ya FIFA. Huko ilikutana na walioachwa wenzake, ikafika fainali, na ikashindwa na Saiprasi ya Kaskazini kwa mikwaju ya penalti. Hata katika baraza la wasiohesabiwa kulikuwa na wa kwanza na wa pili.

Ndipo ukaja mwaka 2017. Tarehe 16 Machi, mjini Addis Ababa, mkutano mkuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, yaani CAF, uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Mlango uliofungwa kwa miaka mingi ulifunguka. Tarehe 21 Julai ya mwaka huo huo, mjini Rabat, mkutano mwingine wa shirikisho lile lile uliifuta hati ile. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kanuni: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Furaha ya Zanzibar ilikuwa na umri wa miezi minne.

Ni vigumu kupata mfano ulio bora kuliko huu wa tofauti baina ya hesabu na heshima. Wachezaji waliokuwa wamehesabiwa mwezi wa Machi ni wale wale walioachwa mwezi wa Julai. Miguu yao haikubadilika, wala viwanja vyao havikusogea. Kilichobadilika kilikuwa karatasi. Na kama heshima ingekuwa ndani ya karatasi, basi vijana wale wangekuwa watu wakubwa mwezi wa Machi na watu wadogo mwezi wa Julai, jambo lisilokubalika katika akili.

Katika mwezi wa Desemba timu ilikwenda Kenya kwa mashindano ya CECAFA, chini ya mwalimu Hemed Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Morocco. Iliifunga Rwanda mabao 3 kwa 1. Iliifunga timu ya Tanzania Bara mabao 2 kwa 1. Ilikwenda sare na Kenya, wenyeji, pasipo bao. Ilifungwa na Libya bao 1 kwa 0, ikumbuke kuwa hakuna msimu usiokuwa na jeraha. Katika nusu fainali iliitoa Uganda, iliyokuwa imelishika kombe, kwa mabao 2 kwa 1. Tarehe 17 Desemba, mjini Machakos, ilisimama katika fainali mbele ya Kenya na mbele ya watu wa Kenya. Mara mbili Kenya ilitangulia, na mara mbili Zanzibar ikasawazisha. Kombe likaenda kwa Kenya kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2.

Jibu la kwanza ambalo mtu mwenye busara hulitoa kwa habari kama hii ni jibu la faraja. Husema kwamba heshima ni mali ya mwenyewe. Waliokataliwa Rabat walikwenda Machakos wakaonyesha kuwa hawakuwa wadogo. Wenye hesabu zao na wabaki nazo. Wahenga wamesema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, na vijana wale walikubali kushindwa pasipo fujo. Wahenga wamesema pia kwamba mcheza kwao hutuzwa, na tuzo ya nyumbani ndiyo tuzo ya kweli, kwa kuwa hutolewa na watu wanaomjua mchezaji tangu alipokuwa akipiga chenza uchochoroni. Mtu mwenye tuzo hiyo, huuliza mwenye busara, anahitaji nini kwa mabwana wa mbali?

Jibu hili lina ukweli mwingi, na kwa sababu hiyo ndiyo lina hatari. Faraja ikizidi hufanana na maneno ya sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda akasema kuwa ni mabichi. Mzee wa barazani aweza kusema kwamba hesabu si kitu, naye akarudia kahawa yake. Kijana wa miaka ishirini hawezi. Maisha ya mchezaji ni mafupi mno. Miaka kumi ikipita, magoti hukataa. Kila mwaka anaoambiwa asubiri ni sehemu ya kumi ya umri wake wa kazi. Kumwambia kijana huyu kwamba heshima ya moyoni inatosha ni kumwomba alipe deni ambalo hakulikopa. Tena faraja hiyo huwapendeza sana wale wenye kunyima, kwani huwaondolea mzigo wa kujieleza. Msemo wa kwamba mnyonge hana haki ulitungwa uwe malalamiko. Mnyonge anapoanza kuukariri kama hekima, mwenye nguvu hana tena haja ya kumjibu.

Kuna jambo jingine. Katika mwezi wa Agosti 2025 uwanja wa Amaan, mjini Unguja, ulipokea mechi za ubingwa wa Afrika wa wachezaji wa ligi za ndani. Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo zilikuja zikacheza pale. Nyasi za Unguja zilipimwa, taa zake zikakaguliwa, viti vyake vikahesabiwa, vyote vikaonekana vinafaa. Timu ya nchi yenye nyasi zile haikuwa na njia ya kuingia kwa jina lake. Mwenye nyumba aliyewaandalia wageni karamu hana sababu ya kuona haya akiuliza kwa nini kiti chake hakikuwekwa.

Haki, walakini, hutaka upande wa pili nao usikizwe. Tanzania ni dola moja, na kanuni ya nchi moja kiti kimoja haikutungwa kwa ajili ya kuidhulumu Zanzibar. Kama kila kisiwa na kila jimbo la dunia lingepewa timu, mashindano yasingekuwa na mwisho. Tena mchezaji wa Unguja hakufungiwa dunia. Feisal Salum, aliyekuwa katika kikosi kile cha mwaka 2017, amekuwa nguzo ya timu ya taifa ya Tanzania. Na mwalimu Hemed Suleiman mwenyewe aliiongoza timu hiyo ya Tanzania katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Kodivaa, mwezi wa Januari 2024. Mtu mmoja mmoja anahesabiwa. Wapo wanaoona fahari kubwa katika jezi hiyo, na hapana mwenye haki ya kuwaambia kuwa fahari yao si ya kweli.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifungi mjadala. Uingereza ni dola moja, na ndani yake Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini zina timu zao mbali na ile ya Wangereza, kwa sababu vyama vyao vilikuwapo zamani na dunia ikaviheshimu. Gibraltar, iliyokuwa pamoja na Zanzibar kule Hamburg mwaka 2006, ilipokewa na shirikisho la Ulaya mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016. Kanuni, basi, imewahi kupinda. Kitu kilichokwisha kupinda mara moja hakiwezi kusemwa kuwa ni ukuta. Ni mlango wenye bawabu. Na bawabu aweza kuulizwa kwa adabu anatumia kipimo gani. Mwenye kuuliza hivyo hatafuti sifa. Anatafuta kanuni iwe moja kwa wote, na hiyo ndiyo maana ya haki.

Mpaka hapa hukumu yaelekea upande wa Zanzibar, na msomaji wa Kizanzibari aweza kutabasamu. Lakini msimu wa mwaka 2017 una mkia wake, na muungwana hausimulii msimu akaukata mkia. Katika mwezi wa Aprili 2018, miezi minne baada ya Machakos, timu ya Zanzibar ya vijana wa chini ya miaka 17 ilikwenda Burundi kwa mashindano ya CECAFA. Iliondolewa kwa sababu ilikuwa na wachezaji waliozidi umri uliowekwa. Nchi iliyokuwa ikiiomba dunia hesabu ilirudishwa nyumbani kwa kosa la hesabu.

Hapa ndipo moyo wa swali hili. Umri wa mtoto ni hesabu ndogo kabisa: hutaka siku, mwezi na mwaka. Hauhitaji mkutano wa Addis Ababa wala wa Rabat. Hauko chini ya bawabu yeyote wa mbali. Uko chini ya mikono ya wenyewe. Na hesabu hiyo ilipokosewa, aliyeumia kwanza hakuwa Burundi wala Kenya. Aliumia mvulana wa miaka kumi na mitano wa Unguja au Pemba, mwenye umri wa haki, aliyebaki nyumbani ili mkubwa wake apate nafasi. Huyo naye hakuhesabiwa, na waliomwacha walikuwa watu wa kwao. Uchungu wa Rabat ulitoka kwa wageni. Uchungu huu ulitoka ndani ya nyumba.

Kosa hili halifuti heshima ya vijana wa Machakos, wala halifuti dai la nchi yao. Wakubwa hawawezi kuila heshima ambayo si wao walioichuma. Wala si kosa la Zanzibar peke yake, maana mataifa yenye viti vya kudumu yamepatikana na kosa hilo hilo, na viti vyao havikuondolewa. Lakini laonyesha kwamba heshima na hesabu, ingawa hazina shina moja, zina njia moja ya kukutana, na njia hiyo ni ukweli. Anayedai kuhesabiwa na wengine hana budi kuwahesabu walio chini yake kwa uaminifu. La sivyo dai lake hugeuka kuwa ugomvi wa zamu tu: leo umeninyima, kesho nitamnyima mwingine.

Jibu la swali la mwanzo, basi, si moja bali ni mawili, nayo hayapingani. Heshima ya timu haingoji hati. Ilikuwapo Machi, ilikuwapo Julai, na Desemba ilionekana na kila mwenye macho. Kwa hiyo haifai mchezaji kukaa chini akisema kwamba atacheza kiungwana siku atakapotambuliwa. Siku hiyo yaweza isifike, na uungwana uliowekwa akiba huoza. Lakini kuhesabiwa ni haki, na haki haikomi kuwa haki kwa sababu mwenyewe ameweza kuishi bila ya kuipata. Mtu aweza kulala njaa kwa utulivu. Utulivu wake hauwi hoja ya kutompa chakula. Heshima ni wajibu wa mwenyewe. Hesabu ni wajibu wa wenzake. Kila upande ukisimama katika wajibu wake, hapana ugomvi. Ugomvi huanza pale wenzake wanapoutumia wajibu wake kuusahau wajibu wao.

Jioni, jua linapopungua ukali, watoto wa Unguja hugawana timu katika kila uwazi ulioachwa na nyumba. Wawili huwa wakubwa wa pande, na huchagua mmoja mmoja. Wakiwa idadi ya witiri, mmoja hubaki. Mtoto huyo huketi kando ya goli lililofanywa kwa makubadhi mawili, na kila baada ya muda kidogo huuliza kama aingie. Ana haki ya kuuliza, na wanaocheza wanajua kuwa ana haki, ndiyo maana hujibu kwa kukwepa macho yake. Lakini mpira ukitoka nje ukabingirika mpaka miguuni pake, huurudisha. Angeweza kuuficha, au kuupiga baharini, na mchezo ukavunjika kwa wote. Huurudisha ulipotoka, mahali pale pale, pasipo kuwaibia hata hatua moja wale waliomwacha nje, kisha huuliza tena.